Konea ya bandia imeingia ukungu: fuata njia ya mwanga kabla hujailaumu plastiki

Juzi kijana kamleta babu yake kliniki, hata hajakaa vizuri akaniambia, "Dokta, ile plastiki ya babu imechakaa, tunataka kujua kubadilisha ni shilingi ngapi." Babu mwenyewe kanyamaza tu, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi maana mwanga wa dirishani unamsumbua. Nikawasha tochi, nikamwinamia, haikupita hata dakika nikaona tatizo liko wapi, na plastiki haikuhusika kabisa. Ile lenzi laini anayovalishwa juu ya jicho ilikuwa na utando wa rangi ya maziwa, umeganda kama mafuta ya mchuzi wa jana kwenye sufuria. Tulipoivua tukamvalisha mpya, mzee aliyekuwa anakwama kwenye herufi kubwa ya juu kabisa ya 6/60 akashuka mpaka mstari wa 6/18, akageuka kumtafuta mjukuu wake kwa macho.

Mi napima macho, sipasui. Lakini ndugu zetu wanaokwenda India wakarudi na konea ya bandia, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho kilichotengenezwa na watu, wakishafika nyumbani wanaangukia kwa watu kama sisi, na nimeona makosa yaleyale yanajirudia mpaka inauma. Kwa hiyo naandika hapa jinsi ya kutafuta tatizo, kwa nyinyi mnaowatunza wazee nyumbani na kwa wauguzi wa macho wa wilayani ambao siku moja mtaletewa jicho la namna hii bila maelezo yoyote.

Kwanza ujue kilichomo mle ndani. Naongelea hii aina ya Boston, ile iliyoanzishwa na Dokta Claes Dohlman kule Boston, Marekani ikaruhusiwa rasmi 1992, pamoja na ndugu yake wa bei nafuu anayetengenezwa na Aurolab kule Madurai, India, maana muundo ni uleule. Imekaa kama kifungo cha shati: sahani ya mbele yenye shina katikati, na sahani ya nyuma yenye matundu. Katikati ya sahani hizo mbili wanabana konea ya mtu aliyefariki, halafu huo mkate wote unashonwa kwenye jicho kama upandikizaji wa kawaida. Mtu anaonea kwenye shina peke yake, na hilo shina upana wake ni milimita 3 na kidogo. Juu ya yote anavaa lenzi laini kubwa usiku na mchana ili ile nyama isikauke.

Shina ni plastiki ya PMMA, ndugu wa ile ya vioo vya ndege za kivita ambayo Harold Ridley wa London aliona vipande vyake vinakaa kwenye macho ya marubani bila kuleta fujo, akaanza kutengenezea lenzi za mtoto wa jicho mwaka 1949. Lenzi za plastiki hiyo zimekaa kwenye macho ya watu miaka na miaka, bado safi. Inapitisha mwanga karibu wote, kama asilimia 92, na uso wake umesuguliwa ukalainika, hauna mabonde kama konea yenye kovu au iliyoshonwa nyuzi. Ndo maana mtu aliyekuwa na chamba jicho zima, anaona kivuli cha mkono tu, anaweza kufunguliwa bandeji kesho yake akaanza kusoma herufi. Kwa upande wa mwanga tu hiki kifaa ni kizuri kuliko konea nyingi za kupandikizwa.

Kwa hiyo uono ukishuka, anza na dhana kwamba plastiki haina kosa. Kitu kimekaa mbele yake, au nyuma yake, au mbali zaidi kule kwenye retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, na mshipa wa fahamu unaoipeleka kwenye ubongo. Uliza mambo matatu kabla hujagusa chochote: imeanza ghafla au polepole? Kuna maumivu au wekundu? Na ukungu uko picha nzima, katikati tu, au pembeni?

Ghafla, na jicho linauma au limekuwa jekundu

Hii naiweka ya kwanza kwa sababu hapa huna muda wa kusoma makala. Mtu jana alikuwa anaona, leo asubuhi haoni, jicho jekundu, linauma, lina tongotongo au usaha, au kuna kitu cheupe kimejikusanya pembeni ya shina. Chukulia kwamba vijidudu vimeingia ndani ya jicho mpaka daktari aseme vinginevyo. Inahitaji hospitali yenye daktari wa macho anayeweza kuchukua majimaji ya ndani na kuchoma antibaiotiki ndani ya jicho, na inahitaji leo, usisubiri kliniki ya Jumatano.

Ukichimba chanzo, mara nyingi utakuta dawa za matone ziliachwa. Mwenye konea ya bandia anaweka antibaiotiki maisha yake yote, kila siku, hata jicho likiwa zima kama la mtoto, kwa sababu ile njia kati ya plastiki na nyama haizibi kabisa kama kidonda cha kawaida. Na vankomaisini, ambayo wengi wanaandikiwa, inachanganywa na mfamasia, inataka kukaa frijini na haidumu muda mrefu. Sasa wewe fikiria umeme umekatika siku mbili, au mzee amesafiri kwenda shamba msimu wa kuvuna na kichupa kiko mfukoni mwa koti. Hakuna aliyezembea hapo, ila hakuna aliyewaambia mapema kwamba wanunue kikoba cha barafu. Ulizeni hilo siku ya kwanza kabisa.

Kuna wengine uono unashuka ghafla lakini maumivu hakuna au ni kidogo sana. Inaweza kuwa uvimbe wa ndani usio na vijidudu, ambao unatulia kwa steroidi. Lakini huwezi kulijua hilo ukiwa nyumbani, na mimi pia kwenye kiti changu siwezi, kwa hiyo safari ni ileile na haraka ni ileile.

Na kama ni ghafla bila maumivu ila anasema kuna pazia limeshuka upande mmoja, au anaona vimulimuli na vidude vyeusi vinaelea, hiyo ni retina inabanduka. Siku hiyohiyo pia.

Polepole, hakuna maumivu, picha nzima imefifia

Hawa ndo wengi, na hapa ndo watu wanasema plastiki imechakaa.

Washtakiwa ni wawili: lenzi laini ya mbele na utando wa nyuma. Kuwatofautisha wala huhitaji mashine. Mwambie apepese macho mara kadhaa, au mtonesee machozi ya bandia, halafu muulize tena. Kama picha inasafika kidogo halafu inarudi kuwa chafu, au asubuhi ni afadhali ila jioni baada ya vumbi na moshi wa jikoni ni mbaya, hiyo ni lenzi. Kama ni vilevile asubuhi, mchana na jioni, upepese usipepese, angalia nyuma.

Lenzi inachafuka kwa protini za machozi na mabaki ya dawa, na inatakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, wengi wanaambiwa mitatu. Babu wa juzi alikuwa na ileile aliyovalishwa India, miezi kumi na moja sasa. Ukivua, mikono iwe safi kabisa na usivute kwa kucha, na usimwache bila lenzi eti "jicho lipumue". Hicho kipumziko ndicho kinachokausha nyama, na nyama ikikauka inaanza kuyeyuka, nitaeleza mbele. Kama huna lenzi mpya mkononi, usivue ya zamani.

Sasa utando wa nyuma. Mwili una tabia ya kujaribu kuziba kitu kigeni, kwa hiyo seli zinatambaa nyuma ya shina zinatengeneza ngozi. Kwenye ripoti za hospitali nyingi inawapata kuanzia robo ya wagonjwa mpaka nusu, wengine hata zaidi, yaani ndo shida inayoongoza. Simama mbele yake chumba kiwe na giza kiasi, mulika tochi ya simu kwa pembeni kidogo halafu angalia ndani ya shina: kawaida unaona weusi safi, kama kuchungulia ndani ya mtungi. Ukiwa na utando unaona kijivu, mwanzoni kama utando wa buibui, ukikomaa unakuwa kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Mgonjwa atakwambia kila kitu kimepauka, anajua kuna mtu mlangoni ila sura haipati, na herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe zimekuwa za kijivu.

Ukiwa mwembamba unafunguliwa kwa leza ya YAG, dakika chache, hakuna kisu. Ila mpe daktari taarifa kwamba hii ni konea ya bandia, hata kama unadhani ameona. Leza hiyohiyo tunayotumia kila siku kwa waliofanyiwa mtoto wa jicho, hapa inapigwa kwa nguvu ndogo, kwa sababu ikikosea fokasi inachimba vishimo kwenye plastiki. Kishimo kimoja pembeni hakina shida. Vikiwa vingi katikati ya shina, kila taa inageuka nyota yenye miiba, na vishimo havifutiki. Ndo mahali pekee ambapo naweza kusema plastiki imeharibika, na imeharibiwa na sisi watu wa macho. Utando ukishakuwa mnene una mishipa ya damu usilazimishwe kwa leza, huo unaondolewa kwa upasuaji. Usiusubiri unenepe basi, ukiuona ukiwa buibui mpeleke ukiwa buibui. Hizi sahani za nyuma za titani zinaonekana kuleta utando kidogo kuliko zile za zamani za plastiki, lakini kidogo haina maana ya kutokuwepo.

Hakuna ukungu, ila picha haijatulia

Herufi zipo, zina weusi wake, ila kingo zinasambaa. Chukua kipande cha kadi, toboa kwa sindano tundu moja, mwambie aangalie chati kupitia hapo. Akisoma mistari miwili mitatu zaidi, habari njema, anahitaji namba tu.

Inatokea hivi: kuna kifaa cha jicho lisilo na lenzi yake ya asili ya ndani, kinaagizwa kwa kufuata urefu wa jicho husika, na kuna kile cha jicho lenye lenzi ya bandia ndani tayari, ambacho nguvu yake ni moja kwa watu wote. Jicho lako likiwa refu au fupi kuliko hesabu, picha inaangukia mbele au nyuma ya retina. Hakuna haja ya kurudi theatre. Unaweka miwani, au unaagiza ile lenzi laini ikiwa na namba ndani yake. Nimekutana na mama mmoja amekaa mwaka mzima na 6/36 akidhani ndo mwisho wa oparesheni yake, kumbe alikuwa anadaiwa miwani tu.

Na haoni simu wala Biblia kwa karibu? Hilo ni la kila mmoja wao. Kifaa hakina fokasi ya kujirekebisha, kimepangwa kwa mbali. Miwani ya kusomea ya +2.50 kwa umbali wa sentimita 40 ndo mahali pa kuanzia.

Mwanga unachoma

Jicho la kawaida likitoka nje juani mboni inajibana. Shina halijibani, ni tundu la ukubwa uleule saa sita mchana na saa sita usiku. Halafu ile nyama inayolizunguka si angavu sana, mwanga unapenya pembeni na kutawanyika kama kwenye kioo cha bafuni, usiku taa ya bodaboda inajaza macho yote. Mvalishe kofia yenye kingo pana na miwani ya jua inayofunika pembeni. Kuna pia lenzi laini zenye rangi, zimetiwa weusi pembeni na kuachwa wazi katikati, zinasaidia sana, na zinafanya jicho lifanane na la mwenzake, jambo ambalo mabinti wameniambia linawapa usingizi kuliko namba yoyote ya kwenye chati.

Kama mwanga haukuwa unamchoma na sasa umeanza, usimpe miwani ukamruhusu aende. Rudi juu, angalia wekundu, angalia utando, angalia vishimo.

Anasoma vizuri ila anagonga milango

Hii ndo sababu hasa ya kuandika.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa namfuatilia mama mmoja, fundi wa kushona, jicho lake moja tu ndo lilikuwa linaona na ndo lenye konea ya bandia. Kila akija nampima chati, 6/9, tunafurahi wote, naandika "anaendelea vizuri". Siku moja kaingia na kidonda kwenye bega, kajigonga kwenye mhimili wa mlango. Mara ya pili kajigonga kwenye meza yangu mwenyewe, meza ambayo anaijua. Nikampa sindano na uzi, akatunga mara moja. Nikanyoosha mkono pembeni ya uso wake nikachezesha vidole, hakuona kitu. Alipofika kwa daktari mshipa wa fahamu ulikuwa umeshaliwa na glakoma, ile presha ya jicho, kimebaki kisiwa kidogo cha katikati. Ile 6/9 niliyokuwa naiandika ilikuwa ya hicho kisiwa. Mpaka leo nikiandika hiyo namba kwenye faili mkono unasita.

Glakoma ndo inayowapokonya uono wa kudumu wengi wa hawa watu, na wengi walikuwa nayo hata kabla ya oparesheni. Haiumi. Haileti ukungu. Inakula pembeni, na pembeni tayari pamebanwa na upana wa shina, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe anadhani ndivyo kifaa kilivyo. Halafu kipimo chetu cha kila siku hakifanyi kazi, maana mashine ya presha inapima kwa kubonyeza konea, na hapa unabonyeza plastiki, ngumu ni ngumu tu. Daktari mzoefu anapapasa jicho kwa vidole viwili juu ya kope, analinganisha ugumu, na hata yeye anakisia. Kinachosema kweli ni kipimo cha uwanja wa kuona na picha ya mshipa wa fahamu kupitia shina, vinavyorudiwa kila baada ya miezi michache na kulinganishwa na vya mwanzo. Kama faili la mgonjwa wako halina hivyo vya mwanzo, omba vifanyike mwezi huu, hata kama anasoma mstari wa chini kabisa.

Nyumbani fanyeni hivi kila mwisho wa mwezi: mkalishe, aangalie pua yako, funika jicho la pili, leta vidole kutoka pande nne mmoja mmoja, aseme akiviona. Andika kwenye daftari. Daktari anahitajika vilevile, lakini daftari lile litamwonyesha mabadiliko ambayo chati haiyaonyeshi.

Katikati pamepinda au kuna doa

Fremu ya dirisha inaonekana imekunjwa, sura ya mtu ina shimo katikati, pembeni pako sawa. Hiyo ni retina ya katikati, imevimba au ina ngozi juu yake. Picha ya OCT, ile ya mashine inayoonyesha tabaka za retina, inapigika kupitia shina bila tabu, na uvimbe mara nyingi una dawa.

Machozi hayakauki, jicho limelegea

Hili ni la mwisho kwenye orodha yangu ila kwa hatari liko juu. Nyama inayoshika kifaa ikikauka inaanza kuyeyuka kwenye mzunguko wa shina, unaona kijifereji au weupe unaopungua unene, na maji ya ndani yanavuja. Mtu anasema analia tu bila sababu, na ukigusa kope jicho ni laini kama embe bovu. Uono unaweza kuwa bado mzuri siku hiyo, ndo inavyodanganya. Wanaopata zaidi ni wale walioungua na dawa za salfa wakapata Stevens-Johnson, ule ugonjwa wa kubabuka ngozi na macho, na wenye magonjwa ya mwili kujishambulia wenyewe, kwa sababu jicho lao halina machozi ya kutosha tangu mwanzo. Chunguza kwanza kama lenzi bado ipo, maana inaanguka usiku na hakuna anayejua. Kama haipo, tonesha machozi ya bandia yasiyo na vihifadhi, weka kikinga kigumu kisichogusa jicho, na muondoke. Usifunge bandeji ya kubana.

Mnapokwenda hospitali yoyote, iwe KCMC, iwe CCBRT, iwe ya mkoa, bebeni ile kadi ya kifaa iliyoandikwa aina na nguvu yake, lenzi ya akiba, na chupa zote za dawa hata zilizoisha. Na yule wa mapokezi akianza kumwekea mzee ganzi ili apime presha kwa mashine, mwambieni kwa heshima kabisa, "Dada, samahani, hili jicho lina konea ya bandia, mwite daktari apapase kwa vidole." Mara nyingi ndo mara yake ya kwanza kuliona, na atashukuru.